Sura ya Sita: Mshukiwa Mwenye Kipaji

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Alhamisi, mbele ya mashahidi wawili na birika la chai, Mwalimu Donald alikiri kwamba ana kipaji.

"Rudia," alisema Inspekta Crispus, kwa upole wa daktari wa meno. "Rudia polepole. Konstebo anaandika."

"Nina kipaji, afande."

"Kikubwa?"

Mwalimu Donald aliongoza kwaya ya kanisa moja kule Mbololo. Alikuwa ametolewa mazoezini na kuletwa kituoni akiwa bado ameshika kijiti chake cha kuongozea sauti, na sasa alikitazama kijiti kile kwa unyenyekevu mkubwa.

"Si vizuri mtu kujisifu," alisema. "Lakini kuanzia Mbololo mpaka Wundanyi hakuna anayenifikia. Nikikana, nitakuwa namkana Mungu aliyenipa."

"Andika, Ndambuki. Mshukiwa amekubali. Andika pia kwamba amemtaja Mungu kuwa ndiye aliyempa."

Konstebo Ndambuki aliandika, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa polisi yeyote wa tarafa ile, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyeandika taarifa zote. Kama aliyoyaandika ndiyo yaliyosemwa, hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Sajini Peris Wakio alisimama mlangoni na kikombe kilichokwisha poa. Jalada la kesi lilikuwa lake. Sanduku lilikuwa la Inspekta. Tangu sanduku lije, jalada lilikuwa limekaa kimya kama mke mkubwa siku ya harusi ya mke mdogo.

Kesi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Katika wiki tatu, wanawake wanne walikuwa wameshambuliwa kwenye njia ya mkonge, ile ya mkato inayotoka mtaa wa Relini hadi mjini Voi. Kila mara ilikuwa alfajiri, mwanamke akiwa peke yake. Mtu alichomoka katikati ya mikonge, akamshika kwa nyuma, akamrarua nguo, kisha akakimbia mayowe yalipozidi. Hakusema neno. Wa nne, Nasiha binti Sheikhan, mwanafunzi wa uhazili mwenye umri wa miaka ishirini, alikabwa mpaka vidole vya mtu huyo vikabaki shingoni mwake kama muhuri. Ni yeye pekee aliyejipindua na kumtazama.

Hapo ndipo lilipoingia Sanduku la Sura.

Inspekta Crispus alikuwa amelileta kutoka kozi ya wiki mbili Nairobi, pamoja na cheti alichokitundika juu ya dirisha. Ndani mwake mlikuwa na vipande vya plastiki vilivyochorwa viungo vya uso: pua sabini na mbili, midomo sitini, macho jozi tisini, na nywele za kila aina ilimradi zimenyooka. Shahidi anaeleza, afisa anapanga kipande juu ya kipande, na uso wa mhalifu unajitokeza wenyewe. Tatizo lilikuwa dogo tu. Sanduku lilitengenezwa nchi ya baridi, na pua zote sabini na mbili zilikuwa nyembamba, kana kwamba huko hewa hugawiwa kwa kipimo.

Uso uliojitokeza ulipigwa chapa na kubandikwa kila duka, kila nguzo na kila mlango wa choo cha umma. Kufikia Jumatano, Posti ya Polisi ya Godauni, ambayo iliitwa hivyo kwa sababu zamani ilikuwa stoo ya katani na mpaka leo ilinuka kamba, ilikuwa imepokea ripoti arobaini na moja. Ishirini na tisa zilitoka kwa wanawake waliowatambua waume zao. Wawili kati yao walimtambua mume mmoja.

"Mwalimu," Wakio alisema kutoka mlangoni. "Jumatatu ya juzi, alfajiri, ulikuwa wapi?"

"Rukanga, kwenye mkesha wa matanga. Niliimbisha mpaka jua likatoka. Watu mia tatu waliniona."

"Watu mia tatu waliokuwa wamefumba macho wakiomba," alisema Crispus.

"Afande," alisema Wakio, "hafanani na picha hata kidogo."

"Hilo nimelizingatia. Lakini taarifa ya shahidi inasema nini? Isome."

Wakio alilifungua jalada. Taarifa, kama taarifa zote, ilikuwa kwa Kiingereza, na katika mstari wa tisa Ndambuki alikuwa ameandika kwa herufi za kupendeza kwamba mshukiwa ni mtu aliyejaliwa karama kubwa sana.

"Tumepekua tarafa nzima," alisema Crispus. "Mpiga gita mmoja ana umri wa miaka sabini. Kipa wa timu ya reli amevunjika mguu. Amebaki huyu."

"Mpiga gita yule hana lolote," alisema Mwalimu Donald. "Mlimhoji wa nini?"

Alipelekwa seli. Baada ya dakika tano sauti nzito ilianza kupanda kutoka huko, ikijaribu mwangwi wa kuta, na ilionekana kuridhika nao.

Wakio alivaa kofia yake na kutoka. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikumwingia akilini. Msichana aliyekabwa shingo alfajiri, anajuaje kwamba anayemkaba ana karama?

*

Duka la Mzee Sheikhan liliuza vitambaa, vifungo na kanzu. Yeye mwenyewe alikaa mbele, mguu wake mbovu ukiwa juu ya kibao. Nyuma yake, juu ya mzigo wa marikani, Nasiha alikuwa na kipande cha boksi mapajani. Alikuwa amekichorea herufi zote za taipureta kwa kalamu, kila moja mahali pake, na vidole vyake vilikuwa vikikimbia juu yake bila sauti.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam, Sajini. Karibu. Mmemshika?"

"Tumemshika mwalimu wa kwaya."

"Ndiye?"

"Siye."

Mzee Sheikhan alishusha pumzi. "Basi mimi na wewe hatuna la kuongeza."

"Baba, Jumatatu ndiyo mtihani," alisema Nasiha bila kuinua macho. "Nisipoufanya Jumatatu, ni mpaka mwakani."

"Siku za wiki nazijua, mwanangu." Alimgeukia Wakio. "Usinione mimi mtu wa zamani. Chuo nilimpeleka mwenyewe, na ada nilitoa kabla sijaombwa. Lakini shingo ya binti yangu ina vidole vya mtu. Mpaka mwenye vidole apatikane, njia ile hapiti."

"Yupo yule bawabu anayesindikiza wanawake. Sylus."

"Amekuja hapa mara mbili kujitolea, mara ya kwanza kabla ya haya kumpata binti. Nimemjibu, ahsante, binti yangu hasindikizwi na mwanamume asiye wake. Na hata mimi nikijikokota naye Jumatatu kwa mguu huu, Jumanne je? Na akipata kazi? Mtu mzima hawezi kwenda kazini kila siku kama mfungwa, na askari mbele."

Nasiha aliendelea kuchapa, kwa kasi zaidi. Wakio aliketi kwenye mzigo wa pili na kufungua jalada.

"Hapa pameandikwa kwamba mtu yule amejaliwa karama kubwa. Ulijuaje?"

Vidole vilisimama. "Karama? Nani aliyesema karama?"

"Wewe. Mstari wa tisa."

"Dada, mimi nitaijuaje karama ya mtu naye yu shingoni mwangu? Nilisema nimemwona macho na kipaji. Kipaji kikubwa, kimetokeza mbele, kimerudi nyuma mpaka huku. Kama sinia."

"Kipaji kama sinia?"

"Kipaji. Hiki." Nasiha alijigonga juu ya nyusi kwa kidole. "Kwani nyinyi mwakiitaje?"

Wakio alilitazama lile paji la uso. Yeye alizaliwa mlimani na Kiswahili alikipata shuleni. Ndambuki alizaliwa Ukambani naye alikipata shuleni. Na shuleni kipaji kilikuwa kitu cha kupewa zawadi siku ya wazazi.

"Sisi tunakiita paji la uso," alisema.

Mzee Sheikhan alikuwa wa kwanza kuelewa, naye alijitahidi sana kutocheka. "Kwa hiyo yule mwalimu amefungwa kwa kuwa anaimba vizuri?"

"Vizuri sana, Mzee. Angeimba vibaya kidogo tu, angekuwa kwake saa hizi."

"La haula."

"Na pua?" Wakio alitoa nakala ya picha. "Hii pua uliionaje?"

"Sikuiona. Alikuwa amejifunga kitambaa, kuanzia hapa chini ya macho mpaka kidevuni. Nilimwambia Inspekta, sikuona pua wala mdomo. Akasema fomu ina nafasi ya pua, haiwezi kubaki tupu. Akanipangia zote sabini na mbili mezani, akaniambia nichague niipendayo."

"Ukachagua."

"Nilikuwa nataka kwenda nyumbani."

Wakio alilifunga jalada taratibu. Kwa hiyo nusu ya chini ya uso ule ilitoka kichwani mwa fomu. Na nusu ya juu, iliyoonekana kwa macho, ilikuwa imetafsiriwa ikawa mwalimu wa kwaya.

"Kitambaa hicho, nani mwingine anajua habari zake?"

"Baba na Inspekta. Nani mwingine atanisikiliza? Kila mtu ana picha yenye pua."

*

Sokoni, Mutindi aliuza vitunguu vya Mboghoni na kutoa maoni bure. Alikuwa mwanamke wa pili kushambuliwa, na bado aliufunika mkono wake wa kulia, uliochanwa na miiba ya mikonge, kwa ncha ya leso.

"Huyu wenu," alisema, akiinyooshea kidole picha iliyobandikwa kwenye nguzo ya kibanda chake, "ni yule mzungu aliyepima reli. Alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Mkimshika niiteni."

"Siku moja kabla ya kushambuliwa, Mutindi. Kumbuka. Uliongea na nani kuhusu ile njia?"

"Na kila mtu. Nani anaongea kitu kingine?"

"Sylus?"

"Ee, Sylus alikuja. Alitaka kunisindikiza. Nikamwambia nina miguu miwili na zote zinafanya kazi." Alikata majani ya kitunguu kwa kisu. "Asubuhi yake ndio nikashikwa. Ningemsikiliza, si ningekuwa salama?"

"Na wale wengine wawili?"

"Shanice wa saluni alimwambia hivyo hivyo. Yule mama wa maziwa alimcheka mbele ya watu." Kisu kilisimama. "Mbona unaniangalia hivyo?"

Wakio alikuwa akihesabu. Wanawake wanne: Mutindi alikataa, Shanice alikataa, mama wa maziwa alicheka, na Mzee Sheikhan alikataa kwa niaba ya bintiye. Waliokubali kusindikizwa walikuwa zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeguswa.

"Na hakusema hata neno?"

"Hata moja. Kama bubu."

Mwizi wa kuku hanyamazi kwa ajili ya kuku, aliwaza Wakio. Hunyamaza kwa sababu mwenye kuku anaijua sauti yake.

Alimkuta Sylus saa saba mchana kwenye lango la bustani ya miche ya mkonge, alikofanya kazi ya ubawabu. Jua la Voi lilikuwa limefika pale ambapo mbuzi hugombania kivuli cha waya wa simu. Sylus alikuwa ameketi kwenye kiti chake akiwa amevaa kofia nzito ya sufu, iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Jasho lilimtiririka mashavuni kama mtu aliyepokea habari mbaya.

"Karibu, madam. Mmemkamata?"

"Bado. Hiyo kofia, Sylus. Huchemki?"

"Sikio, madam. Upepo unaniumiza."

Hakukuwa na upepo. Bendera ya posti, iliyoonekana kwa mbali juu ya mikonge, ilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Pole. Limeanza lini?"

"Zamani. Toka nije hapa, mwezi wa tatu."

"Wanawake wanakusifu sana."

"Mimi ni kujitolea tu." Alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa zuri. "Lakini wengine ni wakaidi, madam. Mtu unamwambia njia ni mbaya, anakujibu ovyo. Halafu yakimpata analia polisi."

"Hivyo ndivyo watu walivyo," alisema Wakio, akaaga.

Akiwa njiani alipitia kichwani wanaume wote wa mtaa wa Relini, mmoja mmoja, kuanzia fundi viatu mpaka mzee wa nyumba kumi. Aliwajua wenye vipara, wenye makovu na wenye nywele zinazoanzia karibu na nyusi. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu ambaye Wakio hajawahi kuliona paji lake la uso.

Lakini kwenye sheria, kofia ya sufu si kosa. Na askari hawezi kumvua raia kofia barabarani kwa sababu tu amekumbuka kitu. Sylus angekataa, angetoroka kwa basi la jioni, na Jumatatu ingefika Nasiha akiwa bado anachapa kwenye boksi.

*

"Sanduku halina paji kama hilo," alisema Inspekta Crispus.

Alikuwa amevitandaza vipande vyote vya nywele mezani. Kwenye sanduku, paji lilikuja pamoja na nywele, kipande kimoja, na kubwa kuliko yote lilikuwa dogo kama bahasha.

"Basi sanduku halijawahi kufika Voi, afande."

"Sajini, hii ni sayansi. Kozini tulifundishwa kwamba itafika siku mashine itamtazama mtu usoni imtaje jina bila kumuuliza yeyote."

"Hata yule aliyekabwa shingo?"

"Hasa huyo. Mashahidi huchanganya mambo."

Kona ya pili ya chumba, Konstebo Ndambuki alikuwa amejiinamia juu ya kamusi. "Ni kweli, afande," alisema kwa huzuni. "Kipaji, maana ya kwanza. Yetu ni ya pili."

Ikabidi Mwalimu Donald aachiliwe. Alisikiliza maelezo akiwa amesimama wima, kijiti kikiwa kwapani.

"Yaani ilikuwa paji la uso tu?"

"Pole sana, Mwalimu."

"Siku nzima mimi nimejua nimeshikwa kwa ajili ya kipaji." Alijishika paji lake mwenyewe, ambalo lilikuwa la kawaida kabisa. "Kule Mbololo nimeshawatumia habari."

Aliondoka bila kuaga. Wakio alisubiri mpaka Inspekta alipoanza kurudisha pua kwenye pakiti zao, kwa mpangilio wa namba, kazi iliyomtuliza siku zote.

"Afande, yule bawabu, Sylus. Amesaidia wanawake wengi. Kwa nini tusimpe barua ya shukrani? Kesho jioni, hapa nje, wakati wa kushusha bendera. Wananchi waone."

Uso wa Crispus ulichangamka. Alipenda barua, na alipenda wananchi waone. "Raia mwema," alisema, akionja maneno. "Utaleta watu?"

"Nitaleta watu, afande. Kina mama hasa."

Hakumwambia zaidi. Inspekta alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu angemwuliza Sylus moja kwa moja kama ni kweli.

*

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, uwanja wa posti ulikuwa umejaa. Mzee Sheikhan alikuwa mbele, amevaa kanzu ya msikitini, akiegemea mkongojo. Wanaume wa Relini walisimama kwa safu upande wa mlingoti, kwa kuwa Wakio aliwaomba wajipange vizuri kwa ajili ya picha, ingawa hakusema ya nani. Katikati yao, mtu wa tano kutoka kushoto, alisimama Sylus na kofia yake.

Wanawake walikuwa upande wa pili, kwenye ua wa michongoma. Wakio alimvuta Nasiha kando.

"Sheria ya gwaride la utambulisho inataka shahidi amguse mtu begani. Kunyoosha kidole hakutoshi. Wakili atasema ulikuwa unaonyesha ndege."

Nasiha alijifunga buibui vizuri shingoni. "Yeye alinishika bila kuomba. Mimi naambiwa nikamguse."

"Kama huwezi, niambie sasa. Hakuna atakayekulaumu."

"Sikusema siwezi. Nauliza kwa mkono upi."

"Wowote."

"Na kama siye?"

"Basi utarudi hapa, na Inspekta atampa barua yake. Usimguse mtu ambaye huna hakika naye. Hata mimi nikikutazama, usinitazame."

Filimbi ikalia.

Wakati bendera ya taifa inaposhushwa, kila kitu husimama. Hii si desturi tu. Katika miaka ile watu walikuwa wamelala rumande kwa kujikuna. Mwendesha baiskeli barabarani alishuka akasimama kando ya baiskeli yake. Mchoma mahindi aliacha mahindi yaungue. Maaskari walipiga saluti, na safu nzima ya wanaume ilivua kofia kwa mkupuo mmoja, isipokuwa Mzee Sheikhan, ambaye yake ilikuwa ya dini, na Sylus.

"Kofia," alisema Inspekta Crispus kwa pembe ya mdomo, mkono ukiwa kwenye paji.

"Sikio, afande," alinong'ona Sylus.

"Bendera haina habari na sikio lako."

Konstebo Ndambuki, aliyeshika kamba, alisimamisha bendera pale ilipofika ili mwananchi yule apate nafasi ya kuiheshimu. Watu waliviringisha macho kumtazama Sylus bila kugeuza vichwa. Aliinua mkono. Akaivua.

Paji lilitokea polepole, nalo halikuisha haraka. Lilianza kwenye nyusi, likatangulia mbele kidogo kama baraza ya nyumba, kisha likapanda, likaendelea kupanda, na nywele zilipopatikana hatimaye zilikuwa mbali, karibu na utosi. Miezi saba ndani ya sufu ilikuwa imelifanya jeupe kuliko uso uliobaki, na jua la jioni lililiangukia lote.

Kwenye ua, Mutindi alishusha pumzi kwa sauti. Hakuna aliyesogea. Filimbi ya pili, ile ya kuwafungulia watu, ilikuwa mdomoni mwa Ndambuki, na Ndambuki alikuwa ameduwaa.

Ndipo Nasiha alipoanza kutembea.

Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na miguu. Alipita mbele ya Inspekta, ambaye macho yake yalimfuata na mkono ukabaki kwenye saluti. Alipita mbele ya baba yake. Mkongojo wa Mzee Sheikhan ulisogea kidogo mchangani, lakini sheria ilikuwa imemshika mabega, na huenda sheria haikuwa peke yake. Wakio alikuwa tayari nyuma ya safu, hatua mbili kutoka kwa mtu wa tano, naye alitazama mlingoti ili asimtazame msichana.

Nasiha alipita mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Alimtazama kila mmoja kwa muda ule ule, kama mtu anayesoma mistari na hataki kuruka hata mmoja. Alipofika kwa wa tano alikaa zaidi. Kisha akamwekea kiganja begani, kiganja kizima, na hakukiondoa.

"Ni huyu," alisema.

"Muongo," alisema Sylus, kwa sauti ya juu, bendera ikiwa nusu mlingoti. "Afande, msichana huyu hakuona kitu. Atanijuaje na mtu alikuwa amejifunga kitambaa..."

Picha ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta nyuma yake, na kwenye nguzo kando yake, na kwenye mlango wa choo. Kote kulikuwa na uso mzima, wenye mdomo mwembamba na ile pua.

"Kitambaa gani?" aliuliza Wakio kutoka nyuma.

Sylus alitazama lango. Kati yake na lango walisimama wanaume ishirini ambao hawakuruhusiwa kusogea, na ambao, ghafla, hakuna hata mmoja aliyeonekana kutaka kumpisha. Pingu zilifungwa kwa mlio mdogo. Wakati huo wote Inspekta Crispus aliendelea kupiga saluti, na usoni mwake kulikuwa na mwanga wa mtu ambaye tayari anaiandikia Nairobi kuhusu manufaa ya pua ile.

Nasiha aliondoa mkono wake. Aliutazama, akaupangusa kwenye buibui, mara moja, kisha akageuka. Filimbi ya pili bado haikulia. Alizungumza kutoka pale pale alipokuwa, hatua sita kutoka kwa baba yake, na katika kimya kile hakuwa na haja ya kupaza sauti.

"Baba. Jumatatu naingia chumba cha mtihani saa mbili kamili. Nitatoka nyumbani saa moja, kwa njia ya mkonge. Peke yangu."

Mzee Sheikhan alikuwa wima mbele ya bendera ya taifa lake. Hakuruhusiwa kusema, wala kukuna pua, wala kufuta kilichokuwa kikimshuka shavuni. Sajini Wakio, ambaye kazi yake ilikuwa kuona, alimwona akitikisa kichwa kwenda chini, kukirudisha juu, na kukishusha tena. Ni kosa la jinai, na kwenye OB, daftari la matukio la Posti ya Godauni, halimo.